Chini Wapi, Mwanangu?

Mzee aliingia dukani mchana wa Jumatano akiwa na fedha za karafuu mfukoni. Alikuwa ametoka Kengeja kwa gari ya asubuhi, anataka mabati 24 ya kuezekea nyumba ya mwanawe, na mabati yenyewe alikuwa akiyaona. Yalipangwa nyuma ya kaunta, yanang'aa, angenyoosha mkono angeyagusa. Binti wa kaunta alimwamkia, akaandika jina lake, akasubiri, akaandika tena. Kisha akatamka yale maneno ambayo kila mtu wa Chake Chake amewahi kuambiwa mahali fulani.

"Samahani babu, mfumo uko chini."

"Chini wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nyuma yake nikingoja misumari, na swali lile limenikaa tangu siku hiyo. Umeme ulikuwepo, feni inazunguka. Kompyuta ilikuwa imewaka. Mabati yapo, fedha zipo, muuzaji na mnunuzi wanatazamana. Kilichokuwa chini ni kitu gani, basi? Binti hakuwa na jibu, wala halikuwa kosa lake, kwani hakuna aliyewahi kumweleza. Mzee akarudi Kengeja mikono mitupu, nauli imekwenda, siku imekwenda. Nami nikaona kwamba watu wa kisiwa hiki cha Pemba tunadaiwa jibu la swali lile, kwa lugha yetu.

Nianzie kwenye kituo cha kununulia karafuu, maana huko kazi ninazotaka kuzieleza zinaonekana kwa macho. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo linalonunua karafuu za wakulima, na kila msimu vituo vyake hufunguliwa mashamba hadi mashamba. Ukipeleka karafuu zako kavu utakuta yuko mwenye mizani. Yuko anayezichota kiganjani, akazitazama, akasema hizi daraja la kwanza, hizi la pili. Yuko mwenye kuandika. Yuko mwenye kulipa. Mwenye mizani hapangi bei, na mwenye kulipa hapimi. Kila mmoja ana lake, na mkulima mwenye akili hutazama mikono yote, kwa sababu usalama wake umo katika mgawanyo huo wa kazi.

Mfumo wa kuendeshea biashara, ule unaoshika bohari, mauzo, madeni na mishahara, umejengwa hivyo hivyo. Kompyuta ya kaunta ni mwenye mizani: inapokea, inauliza, inaonyesha jibu, inachapa risiti. Kimsingi haijui kitu. Ukiiuliza mabati yamebaki mangapi, inampelekea swali mwingine. Huyo mwingine ni seva ya programu, mjuzi wa kanuni: bei ya leo, nani anaruhusiwa kukopa na hadi kiasi gani, punguzo gani linahitaji idhini ya tajiri. Naye akishapima maneno anakwenda kwa wa tatu, mwenye daftari kuu, yaani kanzidata, ambako kila bati lililoingia na kila shilingi iliyotoka vimeandikwa. Nyuma yao wote kuna mashine ya nne, ambayo watu huisahau mpaka siku ya msiba: ya kutunza nakala.

Seva ni cheo, si chuma. Watu wengi hudhani ni sanduku la aina ya pekee lenye taa nyingi, lakini kompyuta ya kawaida ikipewa kazi ya kuhudumia wenzake ndiyo seva, na kompyuta ghali mno ikitumika kuandikia barua si seva. Ndiyo maana katika maduka mengi madogo mashine moja hubeba vyeo vyote vitatu: ipo kaunta, ina kanuni na ina daftari. Duka likiwa moja, hilo si baya. Balaa huanza tawi la pili likifunguliwa Wete na kuunganishwa na mashine ile ile ya Chake. Saa kumi na moja jioni karani wa Chake anazima kompyuta yake kama alivyozoea, anafunga mlango, anakwenda zake nyumbani, na Wete wanabaki na wateja mlangoni na "mfumo uko chini". Karani hakujua kwamba mashine yake ilipandishwa cheo.

Fikra ya kumtenga mwenye daftari na wengine haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa vita na wakati huo akifanya kazi IBM huko California, alichapisha makala fupi iliyopendekeza kwamba taarifa zote ziwekwe katika majedwali ya kawaida, safu na mistari, na kwamba anayeuliza asilazimike kujua zimehifadhiwa vipi ndani. Kabla ya hapo, programu ilibidi ijue njia ya kufikia kila taarifa, mithili ya karani anayekumbuka kwamba deni la fulani limo daftari la kijani, ukurasa wa tatu kutoka mwisho. Karani akihama, deni nalo limepotea. Codd aliifanya kazi ya daftari isimame peke yake, na tangu hapo kanuni za biashara zikaweza kubadilika pasipo kuivuruga kumbukumbu.

Lakini mtu ambaye ningependa Wapemba wamjue zaidi ni Jim Gray. Naye alikuwa mtafiti wa California, na alijishughulisha na jambo ambalo mtu yeyote aliyekatikiwa umeme akiwa katikati ya kazi analielewa. Chukua mkulima anayeuza kilo 60 za daraja la kwanza, na tuseme bei ni shilingi 14,000 kwa kilo. Anastahili shilingi 840,000. Daftari linatakiwa kuandika mambo matatu: bohari imeongezeka kilo 60, sanduku la fedha limepungua shilingi 840,000, mkulima huyu amelipwa. Umeme ukikatika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili, taa zikirudi daftari litasema karafuu zimepokelewa lakini hakuna aliyelipwa. Ama kinyume chake, mkulima kalipwa kwa karafuu ambazo hazimo bohari, na mwenye sanduku anaitwa mwizi.

Gray na wenzake katika miaka ya 1970 waliisimika kanuni inayotawala benki na maduka hadi leo: mambo matatu yale yahesabiwe kuwa jambo moja, ama yafanyike yote ama lisifanyike hata moja. Njia yenyewe inapendeza kwa urahisi wake. Kabla mashine haijagusa daftari kuu, inaandika kwanza katika kitabu cha pembeni inachokusudia kufanya, na kazi ikikamilika inaipiga muhuri humo humo. Umeme ukikatika na kurudi, kitu cha kwanza seva inachofanya ni kukisoma kile kitabu. Kazi isiyo na muhuri inafutwa kana kwamba haikuanza. Yenye muhuri ambayo haijafika daftari kuu inaandikwa upya. Ndiyo maana seva ya kanzidata ikiwashwa baada ya kukatika umeme huchukua muda kabla ya kujibu, na ndiyo maana si vyema kuizima tena kwa kukosa subira. Inasoma.

Gray alipewa tuzo ya Turing, kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka bandari ya San Francisco peke yake katika mashua yake ya tanga, akienda visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake. Hakurudi. Watu wa fani yake walikesha wakipekua picha za setilaiti, kipande kwa kipande, wakitafuta mashua. Haikupatikana. Kisiwani kwetu kuna nyumba nyingi zinazojua kungoja kwa namna hiyo. Tunaikumbuka Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiwango chake, na baada yake hapakuwa na orodha moja ambayo watu wote waliikubali kuwa ndiyo ya waliopanda. Tangu siku hizo sijaweza kuliona suala la daftari moja la kweli kuwa ni suala la wahasibu tu.

Sasa bahari yenyewe. Duka lile la mabati lina makao yake Mlandege, mjini Unguja, na huko ndiko iliko seva yake, pamoja na daftari kuu. Siku ile seva ilikuwa nzima, inafanya kazi, na wateja wa Mlandege walihudumiwa. Kompyuta ya Chake nayo ilikuwa nzima. Kilichokatika ni njia ya mawasiliano kati yao, kuvuka bahari. Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni kwamba hakuna kilichokuwa chini. Kulikuwa na mwenye mizani aliyeshindwa kumfikia mwenye daftari, naye alikuwa amefundishwa asiuze chochote bila kumuuliza.

Je, angefundishwa vingine? Hapa pana ugunduzi ambao kwa maoni yangu ungefaa kufundishwa katika kila skuli ya kisiwa. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alidai mbele ya wanasayansi wenzake kwamba mfumo uliotawanyika mahali pengi, njia ikikatika, hauwezi kutimiza ahadi mbili kwa pamoja: kumjibu kila anayeuliza, na kila jibu liwe la kweli. Miaka miwili baadaye Seth Gilbert na Nancy Lynch wa chuo cha MIT walilithibitisha dai hilo kwa hesabu. Si udhaifu wa mashine za leo utakaokwisha kesho. Ni ukomo, mfano wa ule unaosema huwezi kupanga ardhi hiyo hiyo kuwa bonde la mpunga na kiwanja cha nyumba.

Uthibitisho wake mtu anaweza kuufuata akiwa barazani. Weka daftari mbili zinazofanana, moja Chake na moja Mlandege, na katika zote imeandikwa: yamebaki mabati 24. Kata njia kati ya daftari hizo. Mlandege wanayauza yote 24 na kuandika sifuri. Sasa mzee wa Kengeja anaingia duka la Chake na kuuliza kama yapo. Karani wa Chake ana njia mbili tu. Akijibu, atajibu kwa anachokijua, kwamba yapo 24, naye atakuwa ameuza mabati ya mtu mwingine. Akitaka kuhakikisha, itabidi angoje njia ifunguke, na mzee angoje naye. Hakuna njia ya tatu, na fundi yeyote atakayekuuzia mfumo akiapa kwamba wake hauzimi na haukosei hata mkongo, yaani waya wa mawasiliano, ukikatika, ama hajui ama anakudanganya.

Na mkongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba kwa siku kadhaa. Unguja wanalijua jambo hili kwa upande wa umeme: waya wao wa chini ya bahari uliwaacha gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba wakati huo tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya Wesha, na waya wetu kutoka Tanga ukaanza kazi mwaka huo huo wa 2010. Mtu wa kisiwani hana haja ya kuambiwa kwamba njia inaweza kukatika. Anachohitaji ni mfumo uliobuniwa na mtu aliyelikubali hilo kabla ya kuanza kazi.

Na mifumo hiyo ipo. Mmoja uko ukutani kwako.

Mita ya umeme ya Tukuza unayoiingizia namba ni kompyuta ndogo yenye wajibu wake katika mfumo mkubwa wa biashara, na kwa maoni yangu ni kazi ya akili kubwa mno. Ukinunua umeme, seva ya mauzo inapokea fedha zako na kutengeneza namba ya tarakimu 20. Ndani ya namba hiyo, kwa siri, umefungwa kiasi cha yuniti na wakati ilipotengenezwa. Mita yako ina ufunguo wake wa siri, usiofanana na wa mita ya jirani. Ukiingiza zile tarakimu, mita inazifungua kwa ufunguo huo, inahakiki, inaangalia kama namba hiyo haijatumika, inaongeza yuniti. Haimpigii mtu simu. Haina haja ya mtandao wowote. Namba inaweza kuja kwa simu, kwa karatasi, au mtoto akatumwa dukani akairudisha imeandikwa kiganjani.

Utaratibu huu ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kupeleka umeme kwenye nyumba ambazo hazikuwa na simu wala waya wa mawasiliano, kisha ukawa kanuni ya kimataifa. Wabunifu wake waliukabili ule ukomo kabla Brewer hajautaja, wakauliza swali zuri: ni nini hasa kinachopasa kumuuliza mwenye daftari, na ni nini kinachoweza kuamuliwa pale pale nyumbani? Kupokea fedha kunataka daftari. Kuwasha taa hakutaki. Wakaigawa kazi hapo. Gharama yake ni kwamba seva haijui una yuniti ngapi zilizobaki, lakini hiyo haina hatari, kwa sababu umeshalipa.

Hata hivyo mita ile ina daftari lake dogo, nalo lilijaa. Wakati uliofungwa ndani ya kila namba huhesabiwa kwa dakika kuanzia mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Hesabu ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu kabla ya siku hiyo wateja wa mita za namna hii duniani kote waliombwa kuingiza namba za ziada, ndefu, kabla ya namba ya umeme walioununua. Watu wengi walilalamika wasijue wanachokifanya. Walikuwa wanaibadilishia mita ufunguo ili ianze kuhesabu upya, kila mtu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakuna waya wa kuifikia. Kinachoweza kujitegemea, lazima siku moja kifuatwe kilipo.

Mfano mwingine uko mikononi mwa wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Wanatembelea kina mama na watoto majumbani wakiwa na simu yenye programu inayofanya kazi hata pasipo mtandao, na taarifa hupanda kwenye seva mtandao ukipatikana. Hapa kanuni ya mabati haina makali, maana kwa kawaida familia moja ina mhudumu mmoja. Daftari zikiwa nyingi lakini kila moja ina watu wake, ni nadra zigombane.

Kuhusu nakala sitasema mengi, ila hili tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa imesimama, na kutoka hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Zao lilinusurika kwa sababu lilikuwa limepandwa mahali pawili. Nakala ya daftari inayokaa juu ya meza ile ile iliyobeba seva, ikivuta hewa ile ile ya chumvi na kuvujiwa na paa lile lile, ni shamba moja.

Mwenye duka ni mtu ninayefahamiana naye, nikamweleza swali la mzee. Alichofanya ni kumwita fundi, na mimi nikaomba nikae nisikilize. Fundi alianza na mashine, aina na bei. Mwenye duka akamkata kauli, akasema kwanza tuelewane, mteja akisimama kaunta na njia imekatika, nani anaamua? Nilifurahi moyoni, kwa sababu hilo si swali la fundi. Ni la mwenye mali na la mteja wake, na mara nyingi mno huachiwa fundi alijibu peke yake usiku wakati wa kufunga programu.

Wakakubaliana hivi. Chake iwe na seva yake ndogo, katika chumba cha nyuma, juu ya rafu na si sakafuni, na betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Bohari ya Chake iandikwe katika daftari la Chake, na Mlandege wasiruhusiwe kuuza mabati yaliyoko Pemba bila kuuliza, hata kama wanayaona kwenye kioo. Njia ikikatika, Chake wauze cha kwao kwa fedha taslimu. Mkopo usitolewe mpaka njia irudi, kwa kuwa deni la mteja liko Mlandege na huenda amekopa huko asubuhi ile ile. Brewer mwenyewe, alipoirudia mada hii mwaka 2012, alieleza kwamba mashine za kutolea fedha hufanya mfano wa hayo: zikipoteza mawasiliano huendelea kutoa, ila kwa kiwango kidogo ambacho benki iko tayari kukihatarisha. Mwisho wakakubaliana kwamba kwenye karatasi za kutolea mzigo, ili namba za Chake na za Mlandege zisije zikalingana daftari zikikutana usiku, kila tawi lipewe herufi yake.

Msimu uliofuata nilimkuta tena yule mzee pale dukani. Mvua ilikuwa ikinyesha, mtandao haupo tangu alfajiri. Binti alimwamkia, akamhesabia fedha zake, akachapa karatasi ya bohari. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole.

"Hii C hapa mwanzo ni ya nini, mwanangu?"

"Ya Chake, babu. Mabati yako yameandikwa hapa hapa."